Ngome za Uani na Vita vya Maji: Maswali Matatu Kabla ya Mchezo

Unapoingia mwezi wa Juni, shule hufungwa na mavuno ya mpunga huwa yamekwisha au yanaelekea ukingoni. Mjini Ifakara mashine za kukoboa hunguruma tangu asubuhi, baiskeli zilizobeba viroba hupishana katika njia za Kibaoni na Lipangalala, na familia zilizokuwa zimehamia mashambani hurejea nyumbani na vyombo vyao. Hapo ndipo watoto waliokaa wiki nyingi wakilinda mpunga dhidi ya ndege hupata muda na uwanja. Hujenga vibanda uani kwa mfano wa madungu waliyoyaona shambani, hujigawa makundi mawili, hujaza maji katika kila kinachoshika maji, na vita huanza.

Somo hili linahusu vita hivyo. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini kijitabu cha kumlinda mlaji kijishughulishe na michezo ya watoto. Jibu ni kwamba ngome ya mtoto hujengwa kwa bidhaa, na silaha zake ni bidhaa. Kiroba, dumu, chupa, turubai, tairi na bastola ya plastiki vyote vilitengenezwa na mtu, vikauzwa na mtu, na vingi kati yake vina lebo yenye maelekezo. Mlaji si yule tu anayetoa fedha dukani. Mtoto anayeokota dumu tupu nyuma ya nyumba naye ni mtumiaji wa bidhaa hiyo, tena ni mtumiaji asiyesoma lebo.

Hatuandiki ili kuzuia mchezo. Mtoto anayejenga kibanda hujifunza kupima, kufunga fundo, kugawana kazi na kushindwa bila kununa. Tunachokusudia ni mzazi au mlezi awe na maswali matatu ya kuuliza kabla ndoo ya kwanza haijajazwa. Chombo hiki kilikuwa na nini? Maji haya yametoka wapi na yataishia wapi? Ukuta huu ukianguka utamwangukia nani? Anayeyajibu maswali hayo kwa ukweli ameshaondoa sehemu kubwa ya hatari.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue nyumba moja ya kufikirika katika kata ya Mlabani. Baba amerudi kutoka shamba na bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, lenye ujazo wa lita 16. Mwezi wa pili alilitumia kunyunyizia dawa ya magugu. Sasa limewekwa kando ya jiko. Mtoto wa miaka kumi na mmoja analitazama na kuona silaha ambayo hakuna mwenzake aliye nayo: mpini wa kupampu, mpira mrefu, na ncha inayotupa maji mbali kuliko chupa yoyote.

Mama anamkuta akilijaza maji ya kisima.

"Mwanangu, hilo ni bomba la dawa."

"Mama, tumelisuuza."

"Mmelisuuza mara ngapi?"

"Mpaka harufu ikaisha, mama."

Mtoto huyu hakudanganya. Amefanya kile ambacho hata watu wazima wengi hukifanya: ametumia pua kama kipimo. Kosa lake ni la elimu wala si la utovu wa nidhamu, na ndiyo maana tunaanza nalo.

Swali la kwanza: Chombo hiki kilikuwa na nini?

Harufu kutoweka si dalili ya sumu kutoweka. Bomba la mgongoni lina sehemu nyingi ambazo maji ya kusuuzia hayafiki vizuri: ndani ya mpira, kwenye vali, kwenye kichujio na kwenye ncha. Plastiki yenyewe hufyonza sehemu ya dawa na kuiachia polepole. Bomba hilo likijazwa maji masafi na kuelekezwa usoni mwa mtoto mwingine, kinachotoka ni maji yenye mabaki, tena katika matone madogo yanayoingia machoni, puani na mdomoni kwa urahisi. Kanuni yetu hapa haina masharti: bomba lililowahi kubeba kiuatilifu halitumiki kwa mchezo, hata kama limesuuzwa mara kumi. Lifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Kanuni hiyohiyo inahusu madumu na chupa za viuatilifu. Kusuuza mara tatu na kutoboa dumu, kama inavyoelekezwa kwa wakulima, ni hatua za kuliandaa dumu litupwe kwa usalama. Si hatua za kuliandaa lichotee maji. Kutoboa kumewekwa makusudi ili asiwepo wa kulitumia tena. Msomaji na azoee pia kutazama ukanda wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu huashiria sumu kali zaidi, njano hufuata, kisha bluu, na mwisho kijani. Wapo wanaodhani kijani maana yake ni ruhusa. Sivyo. Kijani huashiria hatari ndogo kwa anayefuata maelekezo ya matumizi, na hakuna maelekezo ya kiuatilifu yanayoruhusu kumrushia mtoto usoni.

Tatizo kubwa hutokea lebo inapokuwa imebanduka. Hapo tunashauri jambo jepesi kukumbuka: dumu lisilojulikana asili yake lihesabiwe kuwa ni la sumu. Usikubali maneno "nadhani lilikuwa la mafuta ya kula". Anayedhani hajui.

Kuna chombo cha pili ambacho baadhi yetu tunaoandika kijitabu hiki tulikichezea utotoni bila kujua tulichokuwa tukikifanya: bomba la sindano lililookotwa jalalani. Hurusha maji kwa nguvu, hushikika vizuri, na kwa mtoto huonekana kama limetengenezwa kwa ajili yake. Lakini bomba lililotumika linaweza kuwa na damu isiyoonekana kwa macho, na sindano iliyobaki kwenye ncha inaweza kuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mtoto na afundishwe kutoligusa kabisa, bali amwite mtu mzima. Familia inayotaka chombo cha aina hiyo inunue duka la dawa bomba jipya lililofungwa, lisilo na sindano, na bomba hilo libaki na mwenyewe.

Viroba navyo vina historia. Kiroba cha mchele au cha mpunga kinafaa. Mfuko wa saruji haufai, kwa kuwa vumbi la saruji likilowa huunguza ngozi na macho. Mfuko wa mbolea, au wa mbegu zilizopakwa dawa, haufai pia. Mbegu za namna hiyo mara nyingi hutiwa rangi kali ili zisidhaniwe kuwa chakula, hivyo ukiona vumbi la rangi ndani ya mfuko, uweke kando.

Kununua au kutengeneza silaha

Bunduki ya maji ya plastiki hufanya kazi kwa njia moja kati ya mbili. Zile ndogo husukuma maji moja kwa moja kwa kidole kinachovuta kifyatulio. Zile kubwa hubana hewa ndani ya tangi, na hewa hiyo husukuma maji kwa nguvu. Mbinu hii ya pili ilivumbuliwa na mhandisi wa Marekani, Lonnie Johnson, ambaye mwaka 1982 alikuwa akijaribu kutengeneza pampu ya joto inayotumia maji badala ya gesi. Bunduki yake iliingia sokoni mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Super Soaker lililoifanya ijulikane duniani. Tunaitaja historia hiyo kwa sababu moja ya kiusalama: chombo kinachobana hewa ni chombo cha nguvu. Kikitengenezwa kwa plastiki dhaifu, hupasuka. Kikilengwa jichoni kwa karibu, huumiza.

Bidhaa za aina hii hufika kwetu hasa nyakati za sikukuu, zikipangwa juu ya turubai kando ya barabara. Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi huu hapohapo mbele ya muuzaji:

1. Tafuta lebo. Iwe na jina la mtengenezaji au mwagizaji, nchi ilikotengenezwa, umri unaofaa na onyo katika lugha unayoielewa. Alama ya uso wa mtoto ndani ya duara lililokatwa kwa mstari, yenye tarakimu 0-3, maana yake ni kwamba haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu.
2. Pitisha kidole kwenye kingo zote. Ukingo unaokwaruza kidole cha mtu mzima utakata cha mtoto.
3. Vuta sehemu ndogo: kizibo cha tangi, ncha, kifyatulio. Kikitoka kwa kuvutwa na mkono wako, kitatoka mikononi mwa mtoto.
4. Inuse. Harufu kali ya rangi au ya plastiki inayobaki mkononi ni sababu ya kuirudisha.
5. Itazame kwa mbali. Silaha ya mchezo iwe na rangi za wazi kama njano, kijani au machungwa. Usinunue iliyopakwa rangi nyeusi ikafanana na bunduki halisi, maana anayeiona gizani hana namna ya kujua.

Kuhusu sehemu ndogo, viwango vya kimataifa vya vichezeo hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7 kupima kile kinachoweza kumkaba mtoto mdogo. Kinachoingia chote ndani ya silinda hiyo hakifai kwa aliye chini ya miaka mitatu. Kizibo cha kawaida cha chupa ya maji ya kunywa huingia. Kwa hiyo hata silaha ya bure, yaani chupa yenye kizibo kilichotobolewa, inahitaji kulindwa mbali na mdogo wao anayetambaa.

Chupa hiyo, hata hivyo, ndiyo silaha tunayoipendekeza kwanza. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyo safi, toboa kizibo tundu moja au mawili kwa msumari, jaza, funga, bana. Haigharimu kitu, haina nguvu ya kuumiza jicho kama ile ya hewa iliyobanwa, na ikiharibika haileti ugomvi.

Kwa wakubwa zaidi, mwanzi hutengeneza silaha nzuri. Kata kipande chenye urefu wa kama sentimita 40, ukiacha fundo upande mmoja na uwazi upande wa pili. Toboa tundu dogo la msumari katikati ya fundo. Chukua fimbo iliyonyooka, izungushie kitambaa kwenye ncha mpaka ibane ndani ya mwanzi, kisha kifunge kwa uzi imara. Chovya fundo majini, vuta fimbo, na maji yataingia. Sukuma, nayo yataruka. Kazi ya kisu na msumari ifanywe na mtu mzima, na kingo zote za mwanzi zisuguliwe kwa msasa au jiwe, kwa kuwa mwanzi uliokatwa upya hukata kama wembe.

Mabomu ya maji ya mifuko ya plastiki hatuyapendekezi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na vipande vya maputo yaliyopasuka humkaba mtoto na mifugo pia. Sponji au kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa fundo hufanya kazi hiyohiyo, na huokotwa kikatumika tena.

Swali la pili: Maji haya yametoka wapi, na yataishia wapi?

Katika vita vya maji, maji huingia mdomoni. Hakuna sheria ya mchezo inayoweza kuzuia hilo. Kwa sababu hiyo, maji ya mchezo yawe yale ambayo ungekubali mtoto aogee na kusukutulia: ya bomba, ya pampu ya mkono, au ya kisima kilichofunikwa na kilicho mbali na choo cha shimo.

Maji ya mtaro wa umwagiliaji, ya dimbwi na ya kingo za mto yasitumike. Bonde la Kilombero ni ardhioevu kubwa, iliyoorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar kwa umuhimu wake wa kimataifa, na wingi huo wa maji ndio unaotupa mchele. Lakini maji yaliyotuama yenye konokono huweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi isiyo na kidonda bila mtoto kuhisi kitu. Mtaro unaotoka mashambani unaweza pia kubeba mabaki ya viuatilifu. Mtoni, viboko na mamba si hadithi. Mtoto asitumwe wala asiende mwenyewe kuchota maji ya mchezo katika Mto Kilombero au Lumemo.

Kiasi nacho ni suala la mlaji, kwa kuwa maji yana gharama ya fedha au ya mgongo wa aliyeyabeba. Tunashauri kanuni ya ndoo moja: kila ngome ipewe ndoo moja ya lita 20, na ndoo ikiisha, vita vimeisha. Kanuni hii huokoa maji, na pia huufanya mchezo kuwa bora, maana kundi lenye kubana matumizi ndilo hubaki na maji ya mwisho.

Ndoo hiyo iwe na mfuniko. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache tu, na huzama kimya, bila kelele ya kuwashtua walio karibu. Ndoo isiyotumika imwagwe palepale na kufunikwa kifudifudi. Ikiwa nyumba ina kisima kifupi, ngome zijengwe upande wa pili wa uwanja, si chini ya hatua ishirini kutoka kisimani, na kisima kifunikwe kwa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukisogeza.

Sehemu ya pili ya swali, yaani maji yataishia wapi, husahaulika. Ifakara ni mji ambao jina lake linafahamika duniani kwa utafiti wa malaria. Maabara iliyoanzishwa hapa mwaka 1957 ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Itakuwa aibu kwa wakazi wa mji huo kufuga mbu uani. Mbu hutaga mayai majini, na katika joto la bonde letu yai hufikia kuwa mbu arukaye katika muda unaokaribia wiki moja au mbili. Tairi kuukuu ni matofali mazuri ya ngome, lakini hushika maji ndani yake hata likisimamishwa, na mbu aenezaye homa ya dengue hulipenda. Kila tairi litobolewe upande wa chini au lijazwe udongo. Jioni, makopo na chupa zote zimwagwe.

Swali la tatu: Ukuta huu ukianguka utamwangukia nani?

Mtoto wa bondeni anajua dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mlinzi wa mpunga aone mbali na akae juu ya maji. Ni kawaida atake kuinua ngome yake vivyo hivyo. Lakini dungu hujengwa na mtu mzima kwa nguzo zilizochimbiwa, na anayekaa juu yake hafukuzwi na adui mwenye bunduki ya maji. Ngome ya mchezo ikae chini. Kama lazima iwe na jukwaa, lisizidi kimo cha goti la mtu mzima.

Ukuta usizidi kifua cha mtoto mdogo kuliko wote wanaocheza. Kipimo hiki kina faida mbili: ukianguka haumfiki kichwani, na mzazi aliye barazani anaweza kuwaona wote.

Kwa ujenzi wa ukuta, bonde letu limejaliwa kitu ambacho miji mingine haina: pumba za mpunga, zilizorundikana nyuma ya mashine za kukobolea. Kiroba kilichojazwa pumba ni kinene, laini, na chepesi kiasi kwamba watoto wawili huweza kukibeba. Kiroba hichohicho kikijazwa mchanga hakiinuliki, na kikimwangukia mtoto humvunja. Panga viroba vya pumba safu mbili au tatu, kila kimoja kikikalia kiungo cha viwili vya chini yake, kama fundi anavyopanga matofali. Safu ya chini peke yake inaweza kuongezwa udongo kidogo ili isimame imara. Pumba zikilowa hunuka na kuota ukungu, basi zimwagwe bustanini baada ya siku mbili au tatu. Anayejaza viroba afunge kitambaa puani, na mwenye pumu asiifanye kazi hiyo.

Fremu ya kuezekea turubai au majani itengenezwe kwa mianzi au fito. Mabanzi ya mbao hufaa ikiwa misumari yote imeng'olewa. Kwa kufungia, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambavyo hapa Ifakara havikosekani, hubana vizuri kuliko waya na havikati mkono. Tunasisitiza kuyaepuka mambo haya:

- Matofali ya kuchoma yaliyopangwa bila udongo wa kuyashika. Ukuta wa namna hiyo huanguka kwa kusukumwa na bega moja.
- Mabati, kwa sababu ya kingo zake.
- Mahandaki. Udongo wa mchangani ukilowa hauna subira. Shimo lisizidi goti la mtoto mdogo kuliko wote, na lisifunikwe kwa juu kamwe.
- Chandarua kinachotumika kitandani. Kinga ya usiku isigeuzwe pazia la mchana.
- Moto wa aina yoyote ndani ya ngome, ikiwemo dawa ya mbu ya kuchoma. Pumba na nyasi kavu hazisubiri.

Kila ngome iwe na njia mbili za kutokea, ili mtoto asibanwe ndani na wanaomvamia. Isijengwe chini ya nyaya za umeme, karibu na mita, wala mahali panapopita waya wa kuchukulia umeme kutoka nyumba hadi banda. Asubuhi, kabla ya watoto kuingia, mtu mzima aikague kwa fimbo ndefu, kwa kuwa nyoka na siafu nao hupenda viroba vikavu.

Sheria za vita

Vita vya mchezo vyenye sheria si jambo geni kwetu. Kule Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, watu wazima hupigana kwa mashina ya migomba, wakatoa dukuduku la mwaka, kisha wakala pamoja. Silaha ni laini na kila mmoja anajua mwisho uko wapi. Watoto nao wanaelewa sheria; kombolela haichezeki bila sheria. Tunapendekeza tano, zisomwe kwa sauti kabla ya kuanza:

1. Hakuna kulenga uso. Aliyelengwa usoni apewe zamu mbili za bure.
2. Anayesema "basi" haguswi tena mpaka arudi mwenyewe.
3. Hakuna kuongeza kitu majini: si sabuni, si pilipili, si rangi, si tope.
4. Hakuna kupanda juu ya ukuta wala kuuvunja wakati kuna mtu nyuma yake.
5. Mpita njia, mzee, mgonjwa na mwenye mzigo si wanajeshi.

Vita vipiganwe jua likiwa limepanda. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi, na mtoto aliyelowa hupoa haraka. Mtu mzima mmoja awepo akiangalia, si akisikiliza kutoka ndani.

Likitokea la kutokea

Mtoto akimwagikiwa au akirushiwa kitu kinachodhaniwa kuwa kiuatilifu, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kikiingia jichoni, lisafishe kwa maji masafi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Akiwa amemeza, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta kwa kudhani yataondoa sumu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, ukiwa na dumu au lebo yake, kwa maana jina la dawa ndilo linalomwongoza tabibu. Aliyechomwa na sindano ya kuokotwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kinga ya kuzuia VVU hufaa ikianza mapema, ndani ya saa 72.

Bidhaa uliyonunua ikiwa imepasuka, imemkata mtoto au imemsababishia madhara, usiitupe. Ihifadhi pamoja na kifungashio na risiti. Kama hukupewa risiti, andika tarehe, mahali na bei, na upige picha ya bidhaa. Anza kwa muuzaji. Asipokusikiliza, masuala ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na masuala ya viuatilifu hupelekwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kusikilizwa ni haki ya mlaji, na lalamiko moja lenye ushahidi linaweza kumwepusha mtoto wa jirani usiyemjua na bidhaa hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

Yasome pamoja na watoto kabla ya likizo.

1. Dumu halina lebo wala harufu. Je, lichotewe maji ya mchezo? Eleza sababu.
2. Katika nyumba yako, bomba la dawa linahifadhiwa wapi, na nani anaweza kulifikia?
3. Taja vitu vitatu vya uani kwako vinavyofaa kujengea ngome na vitatu visivyofaa.
4. Baada ya mchezo, ni vyombo vingapi vimebaki na maji?

Zoezi. Mtembeze mtoto wako kuzunguka nyumba. Kwa kila chombo tupu mtakachokikuta, mwache yeye aulize: "Hiki kilikuwa na nini?" Mtakachoshindwa kukijibia, kiondoeni pamoja, na siku hiyohiyo anzeni kujenga.